Nani Atatia Saini? Mlenga Shabaha wa Nakivale na Mlango wa Olimpiki

Mwishoni mwa Julai 2024 picha moja ilizunguka kwenye simu za Afrika Mashariki nzima. Mturuki wa makamo, Yusuf Dikeç, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, anafyatua bastola ya upepo na kuondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Tulicheka, tukabandika maneno yetu juu ya picha, na wengi wakabaki na imani kwamba ulengaji shabaha ni jicho zuri na moyo usiotetereka, basi. Tangu hapo swali linalonifuata Mbarara mjini na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, ni lilelile: kama mzee yule ameweza, kijana wetu anashindwaje?

Anashindwa kwa sababu nyingi, na jicho halimo kati ya hizo. Dikeç aliwahi kuwa mwanajeshi wa jandarma ya Uturuki, na Paris ilikuwa Olimpiki yake ya tano tangu Beijing 2008. Ule utulivu wa mkono mfukoni ulilipiwa na dola kwa miaka mingi. Isitoshe, alikuwa anapiga bastola. Bunduki ni habari nyingine, na kijana anayetamani kuishi kwa bunduki ya mashindano lazima aijue tofauti hiyo mapema.

Mtazame mpigaji wa bunduki ya upepo ya mita 10 akijiandaa. Amevaa koti la turubai na ngozi, gumu kiasi kwamba likiwekwa sakafuni linakaribia kusimama lenyewe, na suruali ya namna hiyohiyo. Viatu vyake ni vya soli bapa, na mwendo wake kuelekea mstarini ni wa bata aliyeshiba. Kabla ya hapo waamuzi wamepima kwa mashine unene na ugumu wa kitambaa, na wamepima bunduki isizidi kilo 5.5. Anasimama ubavu kwa shabaha, nyonga ya kushoto imesukumwa mbele, kiwiko cha kushoto kimeegemea juu ya mfupa wa nyonga, mgongo umepinda nyuma kidogo ili uzito ushukie mifupani na misuli ipumzike. Halafu anafumba macho. Anavuta pumzi mbili, anayafumbua, anatazama mtutu umeelekea wapi. Ukiwa umekwenda pembeni haurudishi kwa mkono; anasogeza unyayo, kidogo sana, na kuanza upya. Mkono unaolazimisha bunduki irudi mahali pake utakuwa umechoka ifikapo risasi ya arobaini, na hapo ndipo alama huanza kuvuja.

Anacholenga ni kidoti cha upana wa nusu milimita. Kidonge cha risasi anachopiga kina upana wa milimita 4.5, yaani mara tisa ya kidoti chenyewe. Mtambo husoma tundu na kutoa alama hadi sehemu ya kumi: 10.0 ni nzuri, 10.9 ndiyo kilele. Risasi ni 60 ndani ya dakika 75, kwa hiyo ukamilifu ni alama 654, na wanaokwenda fainali ni wanane tu. Mtu anayepata wastani wa 10.3 kwa kila risasi, jambo ambalo mimi na wewe tungelisimulia kwa wajukuu, kwenye Olimpiki anafungasha virago asubuhi hiyohiyo.

Maisha ya mchezo huu ni kurudia tendo moja maelfu kwa maelfu ya mara, na sehemu kubwa ya marudio hayo hufanywa bila kidonge ndani ya mtutu: unasimama, unalenga, unafyatua tupu, unabaki umesimama vilevile kwa sekunde kadhaa kuona bunduki ilitikisika wapi. Hakuna watazamaji wala kelele za jukwaani. Nadhani ndiyo sababu waandishi wa michezo wa kwetu hatuuandiki. Hauna bao la kurudia kwenye televisheni.

Mfano wa mkimbizi mlenga shabaha ambao ungewafaa vijana wa Nakivale hauko Nakivale. Luna Solomon ni Mwaeritrea aliyepata hifadhi Uswisi. Alikuwa hajawahi kushika bunduki ya mashindano. Huko Lausanne alikutana na Niccolò Campriani, Mwitaliano aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mara tatu: dhahabu moja London 2012 na mbili Rio 2016. Campriani alikuwa amestaafu kupiga na alikuwa akifanya kazi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ambayo makao yake yako mji huohuo. Aliwachukua wakimbizi wachache wasiojua chochote kuhusu shabaha na kujiwekea lengo la kuwafikisha kwenye alama ya chini inayomruhusu mpigaji kufikiriwa kwa ajili ya Tokyo. Luna Solomon alifika. Aliingia kwenye timu ya wakimbizi ya Tokyo, iliyokuwa na wachezaji 29, akashindana bunduki ya upepo ya mita 10 kwa wanawake, na mwaka 2024 akarudi tena kwenye timu ya wakimbizi ya Paris, shindano lilelile, kwenye uwanja wa shabaha wa Châteauroux.

Mara zote mbili hakufika fainali. Nalitaja hilo bila kulipamba, kwa kuwa habari zetu za wakimbizi wa michezo hupenda kuruka sehemu ya matokeo na kukimbilia machozi. Yeye alikuwa mpigaji mchanga kati ya watu walioanza utotoni. Shindano lake la Tokyo ndilo lililotoa dhahabu ya kwanza ya michezo ile, ikaenda kwa Yang Qian wa China. Shaba ilikwenda kwa Nina Christen wa Uswisi, ambaye siku chache baadaye alipata dhahabu ya mita 50 ya mikao mitatu. Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Uswisi, nchi iliyompokea Luna Solomon, ni nchi ambayo watu zaidi ya laki moja hujitokeza kila mwaka kwenye sikukuu moja ya kulenga shabaha. Hata mitambo inayosoma alama kwenye Olimpiki hutengenezwa na kampuni ya Uswisi, SIUS. Mkimbizi akitua pale, vilabu vipo, makocha wapo, sheria imeshazoea kumwona raia akipanda treni na bunduki ndani ya mfuko wake.

Nakivale nako kuna Waeritrea. Wapo pamoja na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, zaidi ya watu laki moja na nusu kwenye makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, kando ya Ziwa Nakivale katika wilaya ya Isingiro. Wawili waliokimbia jeshi moja kutoka Asmara wanaweza kugawanywa na bahati ya barabara: mmoja akapita Libya na bahari akafika Lausanne, mwingine akapita Sudan Kusini akateremka hadi Base Camp ya Nakivale. Mmoja wao anaweza kuwa mlenga shabaha wa kimataifa na mwingine hawezi, hata wangekuwa na jicho moja na kimo kimoja. Kwenye riadha pengo hilo ni dogo. Mkenya Tegla Loroupe aliwatoa wakimbiaji watano wa Sudan Kusini kwenye kambi ya Kakuma kwenda Rio 2016, na alichohitaji kwa sehemu kubwa ni barabara, viatu, chakula na subira. Ndondi inahitaji zaidi kidogo. Shabaha inahitaji saini.

Ninaposema saini, namaanisha saini zenyewe, kwa wino na mhuri. Bunduki ikiingizwa nchini kuna kibali. Ikihifadhiwa kuna kibali na kabati la chuma. Uwanja wa kupigia una kibali. Ikisafiri kwa ndege kuna kibali cha nchi inakotoka, cha nchi inakokwenda, na cha kila nchi ambako ndege itabadilishwa. Mpigaji raia wa Uganda au Kenya hutumia muda wake mwingi kwenye foleni za karatasi hizi, na chama chake cha taifa kinasimama nyuma yake. Mkimbizi anazihitaji zote hizo, na juu yake anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo maafisa wengi wa viwanja vya ndege huigeuzageuza mkononi kama kwamba imeandikwa kwa lugha ya malaika. Sasa mwongezee bunduki kwenye mzigo wake.

Kuna watu watakaosema bunduki ya upepo si silaha. Kwa fizikia wana hoja: hewa iliyoshindiliwa inasukuma kidonge cha nusu gramu hivi, na sauti yake haifiki ya mlango uliofungwa kwa nguvu. Lakini askari wa kizuizi kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro hatatoa rula kupima kipenyo cha mtutu. Ataona kitako, mtutu na kijana asiyezungumza Runyankole, na simulizi zote za fizikia zitaishia hapo. Na askari huyo hatakuwa mjinga.

Kwa sababu Ankole, eneo hili la Mbarara na Nakivale, inaikumbuka bunduki vizuri. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walitoka Tanzania na kuishambulia kambi ya jeshi ya Mbarara, wakashindwa. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuteka mji, na majengo mengi yakabaki vifusi. Wazee wa Mbarara bado wanakuonyesha ni lipi lilijengwa upya. Kisha kuna lile la wakimbizi wenyewe. Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 waliwekwa katika makambi ya eneo hili, Nakivale ikiwemo. Paul Kagame utoto wake ulipitia Nshungerezi, hapahapa Ankole. Watoto wa makambi hayo walipokua, wengi waliingia jeshi la NRA la Museveni, na tarehe 1 Oktoba 1990 wakavuka mpaka wa Kagitumba wakiongozwa na Fred Rwigyema. Sitaki kuhukumu vita hivyo kwenye safu ya michezo. Nasema tu kwamba mtu yeyote wa ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, anayeombwa kuruhusu vijana wakimbizi wafundishwe kulenga bunduki si mbali na mpaka ana historia nzima nyuma ya kiti chake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unazitaka nchi ziwaweke wakimbizi mbali kiasi na mpaka wa nchi walikotoka na kuwazuia wasifanye vitendo vya silaha dhidi ya nchi nyingine. Makambi ya wakimbizi wa Rwanda huko Goma baada ya 1994 yalionyesha kinachotokea bunduki zikichanganyika na mahema.

Kwa hiyo msimamo wangu unaweza kuwaudhi marafiki wa maendeleo ya michezo: uwanja wa shabaha usijengwe Nakivale. Si sasa, na labda si kamwe. Makazi ya wakimbizi yanatakiwa kubaki mahali pasipo na silaha, hata ya michezo, hata ya upepo. Wakongo wengi wa Kivu walioko pale wamekimbia mlio wa bunduki. Kuwawekea mlio mwingine, hata ule mdogo, kwa jina la fursa, ni kukosa adabu. Tena kuna dhana nyingine ya hovyo niliyoisikia zaidi ya mara moja: kwamba vijana waliolazimishwa kubeba silaha huko Congo tayari wana ujuzi. Hawana. Bunduki ya vita inafundisha kumwaga risasi na kujificha. Bunduki ya mashindano inafundisha kusubiri, kisha kuishusha bila kupiga pale moyo unapodunda vibaya. Aliyepitia ile ya kwanza huanza nyuma ya aliyewahi kushika jembe tu.

Mbarara ni jambo jingine. Ni jiji tangu Julai 2020, lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, lina uwanja wa Kakyeka, lina kambi ya divisheni ya pili ya jeshi la UPDF pale Makenke, na liko umbali ambao taksi huumudu asubuhi na kurudi jioni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na kufanya kazi, ambayo jirani zetu kadhaa hawaitoi. Kijana wa Kabazana au Juru, huko Nakivale, anaweza kuwa mwanafunzi wa chumba cha shabaha mjini bila kuomba ruhusa ya kuvuka mto wowote. Chumba chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 na ushei. Toa mita 10 za shabaha, nafasi ya mpigaji inabaki, ingawa atabanana. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hali ya hewa si ya kumyeyusha mtu ndani ya koti la turubai. Shabaha za karatasi zinatosha kwa miaka ya mwanzo. Mashine za Waswisi zitasubiri.

Fedha haziwezi kurukwa. Bunduki ya upepo ya daraja la Olimpiki, za Feinwerkbau, Walther au Anschütz za Ujerumani, huanzia karibu euro 2,000 na kupanda. Koti na suruali ni mamia mengine, na hushonwa kwa mwili wa mtu, kwa hiyo kuazimana hakufai sana. Abhinav Bindra, aliyeipa India dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja, Beijing 2008, alijengewa na baba yake uwanja wa shabaha nyumbani kwao. Nakivale mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi mwaka 2023, na baadhi ya kaya zikaondolewa kabisa. Sioni haja ya kuongeza neno hapo, ila kuwaambia wafadhili kwamba mpango wa shabaha usio na chakula cha mchana ni karatasi tu.

Duniani wapigaji wengi wa bunduki hawaishi kwa zawadi, maana mchezo huu hauna zawadi za kumlisha mtu. Wanaishi kwa mshahara wa vyombo vya dola. Campriani mwenyewe alipigia timu ya askari wa fedha wa Italia. Uganda inaujua mtindo huo vizuri: Stephen Kiprotich alikuwa wa Magereza, Joshua Cheptegei ni wa Polisi, na timu za majeshi ndizo zinazolisha riadha na ndondi, michezo miwili iliyoleta medali zote za Olimpiki za nchi hii. Mkimbizi hawezi kuajiriwa na Polisi wala Magereza kwa sababu si raia, na uraia kwa mkimbizi wa Uganda ni mlango ambao kwa vitendo umefungwa. Kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki inasema mchezaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Kinachobaki ni timu ya wakimbizi, na kuingia huko kunategemea ufadhili unaopitia kamati ya Olimpiki ya nchi mwenyeji. Yaani Kampala. Hata mlango uliotengenezwa kwa ajili ya wasio na nchi unafunguliwa na nchi.

Hapa namkumbuka John Akii-Bua, dhahabu ya kwanza ya Uganda, Munich 1972, mita 400 viunzi. Alikuwa polisi. Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipoanguka alikimbilia Kenya akawa mkimbizi, na kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kufika Ujerumani. Bingwa wa Olimpiki aliyewahi kushika rekodi ya dunia alihitaji saini ya wauza viatu.

Kwenye shabaha jirani zetu wametangulia, ingawa si mbali. Kenya ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Melbourne 1956, walenga shabaha walikuwemo. Enzi hizo ulikuwa mchezo wa walowezi na maofisa, na harufu hiyo haijaisha yote. Kilichowasaidia wapigaji wa nchi zetu kupata uzoefu ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako shabaha ilikuwepo tangu Kingston 1966, ikarukwa Edinburgh 1970, ikaendelea hadi Gold Coast 2018. Birmingham 2022 waliiondoa, India ikatishia kususia, haikusaidia. Orodha ya Glasgow 2026 nayo haina shabaha. Kwa mkimbizi hilo halina athari ya moja kwa moja, kwani Madola hayana timu ya wakimbizi. Athari inapita kwa mwenyeji: chama cha taifa kinachopoteza mashindano yake makubwa ya kila miaka minne kinapoteza pia hoja ya kuomba bajeti, na chama kisicho na bajeti hakina kiti cha kumpa mgeni.

Nimesema uwanja usijengwe kambini. Kuna njia ya kuanza bila bunduki kabisa, na naona ajabu kwamba haizungumzwi. Ujerumani, watoto wasiofikia miaka 12 kwa kawaida hawaruhusiwi kupiga bunduki ya upepo, kwa hiyo vilabu huwafundisha kwa bunduki ya mwanga, kitu chenye umbo na uzito wa bunduki kinachotoa mwali usiodhuru, na shabaha inayousoma. Mchezo wa pentathloni ya kisasa nao ulihamia bastola za leza, na London 2012 zilitumika Olimpiki. Mkao, pumzi, kidole kwenye kifyatulio, ile sekunde ya kubaki umesimama baada ya kufyatua: vyote hivyo hujifunzika kwa mwanga. Baada ya miaka miwili kocha atajua ni nani kati ya watoto thelathini anastahili kupelekwa kwenye bunduki halisi. Atakuta ni wawili au watatu, na hesabu ya vibali vya watu watatu inabebeka. Hata hivyo kifaa hicho kisiwe na sura ya bunduki ya kivita. Kipakwe rangi kali, kikae kwenye chumba cha mazoezi, kisitembezwe.

Sehemu ninayoiamini kuliko zote, ya ulemavu, haipati nafasi kwenye mijadala yetu. Shabaha ni kati ya michezo michache ambayo mtu asiye na miguu hapotezi mengi. Kwenye Paralimpiki kuna shindano la bunduki ya upepo ya mita 10 ya mkao wa kulala, ambalo mwenye kiti cha magurudumu hupiga akiwa ameegemeza viwiko juu ya meza, na wanaume na wanawake hushindana pamoja. Wasioweza kubeba uzito wa bunduki hupewa kishikilio. Msweden Jonas Jacobsson alianza 1980 na hadi London 2012 alikuwa na dhahabu 17 za Paralimpiki za shabaha. Miaka thelathini na miwili ya kushindana! Mchezo gani mwingine unampa mtu muda huo? Nakivale kuna watu waliovunjwa na vita, wenye umri ambao riadha ingekuwa imeshawatupa. Timu ya wakimbizi ya Paralimpiki ilikuwa na wachezaji wawili Rio, sita Tokyo, wanane Paris, na Paris ndipo ilipopata medali zake za kwanza. Uganda yenyewe ina mazoea ya kuwathamini wanamichezo wenye ulemavu tangu David Emong alipoleta fedha ya mita 1,500 kutoka Rio. Tayari umewahi kuwepo mpango wa Game Connect, wa wakfu wa Olimpiki wa wakimbizi, uliotumia michezo kwa afya ya akili ya vijana wakimbizi nchini Uganda. Mchezo unaomtaka mtu atulize pumzi na kusikiliza mapigo ya moyo wake usingekuwa mgeni sana pale.

Nikipewa fedha kidogo za kuanzia, mtu wa kwanza kumnunulia tiketi asingekuwa mkimbizi wala mpigaji. Angekuwa mwalimu wa michezo wa Mbarara, raia, mwenye pasipoti isiyozua maswali, apelekwe kwenye kozi ya ukocha wa bunduki kupitia Kamati ya Olimpiki ya Uganda, ambayo hupata fungu la mafunzo ya makocha kutoka Mshikamano wa Olimpiki. Luna Solomon hakukuta bunduki Lausanne, alimkuta Campriani. Kocha huyo wa Mbarara akirudi na ujuzi, na jina lake likajulikana polisi na OPM kama mtu wa kuaminika, vibali vitaombwa na mtu mwenye anwani. Los Angeles 2028 iko karibu mno kwa kazi hiyo. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alianza kupiga 2021 na akachukua dhahabu Paris akiwa na miaka 16, lakini Korea ilikuwa na makocha, bunduki na viwanja vikimngoja. Huku tukianza na mwalimu mmoja na bunduki mbili za mwanga, mimi napiga hesabu za Brisbane 2032, na hata hapo nahesabu alama ya chini ya kuruhusiwa kushiriki, si fainali.